Jinsi ya kupima upepo wa Jua kwa darubini za redio za masafa ya chini

Mtu akitazama anga usiku usio na mawingu, ataona kwamba nyota humetameta ilhali Zuhura na Mshtarii hutulia. Sababu ni ukubwa tunaouona: nyota ni nukta, kwa hiyo msukosuko mdogo wa hewa unatosha kuyumbisha mwanga wake, lakini sayari ina upana kidogo, na misukosuko mingi inayoupitia mwanga wake hufutana. Jambo hilo hilo hutokea kwa mawimbi ya redio yanayotoka katika kwaza (viini ving'avu mno vya galaksi) na galaksi za mbali, isipokuwa kinachoyayumbisha si hewa bali upepo wa Jua. Mwaka 1964 Antony Hewish na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo yao kuhusu kumetameta huko, ambako Margaret Clarke alikuwa amekubaini katika vipimo vya utafiti wake wa shahada. Tangu hapo njia hiyo imekuwa mojawapo ya njia bora za kupima upepo wa Jua mahali ambapo hakuna chombo cha angani. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi au mpenzi wa astronomia mwenye kompyuta, anayejua programu kidogo, na anayeweza kupata data za darubini hata kama darubini yenyewe iko bara jingine.

Kinachopimwa hasa

Upepo wa Jua ni mtiririko wa protoni na elektroni unaotoka katika korona, tabaka la nje la Jua, kwa kasi ya kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde. Unapofika jirani na Dunia umekuwa mwembamba mno, kiasi cha protoni 5 tu katika sentimita moja ya ujazo, na hauko sawasawa: una mafungu mazito na mepesi yanayosafiri pamoja nao. Kila fungu hubadilisha kidogo mwendo wa wimbi la redio linalolipitia, na matokeo yake ni mchoro wa sehemu angavu na sehemu hafifu unaoangukia juu ya Dunia. Aliyewahi kusimama katika maji machache ya ufukweni saa sita mchana ameshauona mchoro wa namna hiyo: mistari ya mwanga inayotembea juu ya mchanga, ikichorwa na viwimbi vya juu ya maji. Hapa mchoro una ukubwa wa mamia ya kilomita, nao hukatiza juu ya antena kwa kasi ya upepo uliouchora. Ndiyo maana nguvu ya chanzo, yaani kwaza au galaksi tunayoipokea, hupanda na kushuka ndani ya sekunde moja hivi.

Masafa ya chini yanafaa kwa sababu athari ya elektroni juu ya wimbi huongezeka kadiri wimbi linavyorefuka. Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusishuke chini kabisa tukausikiliza upepo wenyewe. Jibu ni kwamba plasma (gesi yenye chaji ya umeme, kama upepo huu) yenye elektroni 5 kwa sentimita ya ujazo hutetema kwa kilohezi 20 hivi, na ionosfea ya Dunia, tabaka la juu la hewa lenye chaji ya umeme, huzuia karibu kila kitu kilicho chini ya megahezi 10. Mlio huo husikika kwa vyombo vya angani tu. Sisi wa ardhini tunausoma upepo kwa alama unazoacha juu ya mawimbi ya wengine.

Anza na jiometri, si na antena

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kukimbilia data kabla ya kujua mstari wao wa kuona, yaani ule ulionyooka kutoka duniani hadi kwenye chanzo, unapita wapi. Chukua pembe kati ya Jua na chanzo kama inavyoonekana kutoka duniani. Nitaiita pembe ya Jua. Mahali ambapo mstari wa kuona unalikaribia Jua zaidi ndipo sehemu kubwa ya kumetameta inapotokea, kwa sababu ndipo upepo ulipo mzito zaidi. Umbali wa mahali hapo kutoka Juani ni saini (sin) ya pembe hiyo ikizidishwa kwa umbali wa Dunia na Jua, yaani kilomita milioni 150. Kwa pembe ya nyuzi 30 unapima upepo ulio nusu ya njia, kilomita milioni 75 kutoka Juani. Umbali wake kutoka kwetu ni umbali huo huo wa Dunia na Jua ukizidishwa kwa kosaini (cos) ya pembe hiyo, ambayo ni 0.87, sawa na kilomita milioni 130. Andika tarakimu hizi mbili pembeni, tutazirudia.

Chanzo kinachofaa lazima kiwe na kiini kidogo, chini ya nusu ya sekunde ya tao hivi (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Mabaki mapana ya nyota zilizolipuka hayametameti, kama vile Mshtarii asivyometameta. Chanzo ninachompendekezea anayeanza ni 3C 48, kwaza yenye nguvu iliyo nyuzi 33 kaskazini ya ikweta ya anga, ambayo humetameta kwa uwazi kiasi kwamba huhitaji kubembeleza data. Jua hulikaribia zaidi eneo lake karibu na tarehe 25 Aprili, na hata siku hiyo pembe haipungui nyuzi 21. Pembe huwa nyuzi 30 mwanzoni mwa Aprili, kisha tena katikati ya Mei. Utamu wa 3C 48 ni kwamba mwishoni mwa Aprili mstari wake hupita juu ya latitudo za kaskazini za Jua, zaidi ya nyuzi 60, ambako katika miaka ya utulivu wa Jua hutoka upepo wa kasi kubwa. Kwa upande mwingine, 3C 273 na 3C 279 ziko karibu na njia ya Jua angani. Hii ya pili hufunikwa na Jua lenyewe kila mwaka karibu na tarehe 8 Oktoba. Kwa hizo utapima upepo wa eneo la ikweta ya Jua, ambao ndio unaofanana na ule unaoipiga Dunia.

Usikaribie Jua kupita kiasi. Kuna mpaka ambapo kumetameta kunakuwa kukali mno, na kuongezeka kwa uzito wa upepo hakuongezi tena kuyumba kwa nguvu. Kwa megahezi 327 mpaka huo uko karibu na nyuzi 10. Kwa megahezi 150 unahitaji kukaa zaidi ya nyuzi 20, na kwa masafa ya chini zaidi unahitaji kwenda mbali zaidi. Kwa hiyo masafa na pembe huchaguliwa pamoja.

Kupata darubini au data zake

Darubini zilizojengwa kwa ajili ya kazi hii hazifanani na sahani tunazozoea kuona juu ya mapaa. Ile ya Hewish, iliyokamilika mwaka 1967, ilikuwa shamba la antena 2,048 zilizoning'inizwa juu ya nguzo za mbao, ikipokea megahezi 81.5. Ooty, kusini mwa India, ni mtaro wa urefu wa mita 530 na upana wa mita 30 uliojengwa juu ya mteremko wa kilima, mteremko huo ukiwa sawa na latitudo ya mahali, nyuzi 11 hivi, ili mhimili wa darubini uwe sambamba na mhimili wa Dunia. Govind Swarup, aliyeibuni, alipendekeza pamoja na wenzake kwamba darubini kubwa zaidi ya aina hiyo ijengwe Kenya, ambako ikweta ingewaondolea kazi ya kutafuta kilima cha kufaa. Haikujengwa, na kwangu hiyo ni hasara ambayo watu wa eneo letu wanaizungumzia kidogo mno.

Siku hizi anayeanza ataangalia zaidi LOFAR, yenye kitovu chake Uholanzi na vituo vilivyotapakaa kutoka Ireland hadi Poland na Latvia, ikipokea megahezi 10 hadi 240 isipokuwa ukanda wa redio za FM. Na MWA ya Australia Magharibi, inayofanya kazi kati ya megahezi 80 na 300. Japani nayo ina mfumo wa vituo kadhaa vya megahezi 327 unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Nagoya. Ghala la LOFAR hutoa data zilizokwisha kukusanywa, na kwa kazi yetu unatafuta zile zilizorekodiwa kituo kwa kituo, si picha. Tofauti hii ni ya lazima, kwa kuwa picha ya kawaida hujumlisha dakika nyingi na hivyo kufuta kabisa kumetameta tunakokutafuta. MWA ni kisa cha pekee: wataalamu wake hutengeneza picha moja kila nusu sekunde, kisha huchora ramani ya jinsi kila nukta inavyoyumba, na kwa uwanja wake mpana wa kuona hupima vyanzo mamia kwa mkupuo mmoja.

Data ya kituo ni jedwali kubwa lenye muda upande mmoja na masafa upande mwingine. Hakikisha kipimo cha muda ni sekunde 0.1 au pungufu. LOFAR mara nyingi hutumia 0.01. Hakikisha pia kwamba saa za vituo zimefungwa kwenye GPS, kwa sababu baadaye tutagawanya kwa sekunde moja na ushei, na kosa la sehemu ya kumi ya sekunde si dogo.

Nani anayeyumbisha?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo sitaharakisha. Upepo wa Jua si peke yake unaoyumbisha mstari wa nguvu unaouona kwenye kompyuta, yaani mchoro wa jinsi nguvu iliyopokelewa inavyobadilika kwa muda. Kuna vituo vya FM kati ya megahezi 87.5 na 108, kuna setilaiti za mawasiliano zinazotuma karibu na megahezi 137, kuna radi, kuna ionosfea, na kuna Jua lenyewe. Kila mmoja ana mwandiko wake.

Chora kwanza jedwali lote kama picha, muda ukienda kulia na masafa yakipanda juu. Mitambo ya binadamu mara nyingi huonekana kama mistari myembamba ya mlalo: imekaa katika masafa machache, haijali kinachoendelea kwingine. Ifute kwa programu ya kutambua usumbufu. AOFlagger ndiyo inayotumika sana kwa LOFAR na MWA. Upepo wa Jua huonekana kinyume chake, kama milia ya wima inayokatiza ukanda wote wa masafa kwa wakati mmoja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukidumu nusu sekunde hadi sekunde kadhaa, bila mpangilio. Ukiiona mara ya kwanza utadhani skrini ina kasoro.

Lakini milia ya wima haijathibitisha kitu bado. Jua kwa megahezi 150 lina nguvu mara mamia kuliko 3C 48, na hata likiwa nyuzi 30 pembeni huingia kupitia mbavu za kupokelea za antena, yaani pande ambazo antena husikia kidogo ingawa haikuelekezwa huko. Likitulia si tatizo, kwa kuwa huongeza tu kiasi kisichobadilika. Likirusha milipuko ya redio, utaona mistari inayokatiza masafa mengi kama upepo. Angalia mteremko: mlipuko wa Jua huanza katika masafa ya juu na kushuka kuelekea ya chini ndani ya sekunde chache, ilhali kumetameta kwa upepo hakushuki wala hakupandi.

Ionosfea ndiyo mdanganyifu mkubwa. Nayo huyumbisha ukanda mzima, lakini kwa kawaida polepole, katika makumi ya sekunde, kwa hiyo kichujio kinachoondoa mabadiliko ya chini ya hezi 0.1 huiondoa sehemu kubwa. Kwa kawaida, nasema. Karibu na ikweta ya sumaku, ambayo hupita Ethiopia na kuyafanya maeneo ya Afrika Mashariki kuwa jirani zake, ionosfea huchafuka vibaya baada ya Jua kuzama, hasa katika misimu ya Machi na Septemba, na kumetameta kwake huwa kwa kasi. Anayepanga siku moja kusimamisha antena zake Malindi au Bagamoyo apime mchana na aache saa za baada ya magharibi. Mchana si kikwazo kwa redio.

Dawa inayowatenganisha wote hawa ni kituo cha pili. Chukua mstari wa nguvu wa kituo kimoja, uusogeze mbele na nyuma juu ya ule wa kituo cha pili kilicho mamia ya kilomita mbali, na upime kwa kila sogezo jinsi mistari hiyo inavyofanana. Ikiwa kufanana kunafikia kilele pasipo kusogeza kabisa, ulichopata ni mlipuko wa Jua au setilaiti iliyoonekana pande zote mbili. Ikiwa hakuna kufanana popote, ni ionosfea, kwa sababu mafungu yake ni ya kilomita chache na kila kituo kina anga yake. Ikiwa kilele kiko kwenye sekunde moja au mbili, na kituo kilicho upande wa Jua ndicho kinachotangulia, huyo ndiye upepo wa Jua.

Kisa cha mwaka 1967 kinafaa kukumbukwa hapa. Jocelyn Bell alikuwa akikagua karibu mita 30 za karatasi za chati kwa siku kutoka katika darubini ya Hewish, akitenganisha kwa jicho vyanzo vinavyometameta na usumbufu. Alisimama kwenye alama ndogo iliyoyumba karibu na usiku wa manane, upande wa anga ulio kinyume na Jua, ambako upepo wa Jua hauwezi kuyumbisha kwa nguvu. Haikuwa upepo wala mtambo wa mtu. Ilikuwa pulsa, nyota inayozunguka na kutuma mapigo ya redio, ya kwanza kugunduliwa. Angeijumuisha tu na nyingine, kwa uzembe wa jiometri, isingejulikana siku ile.

Kutoka mstari hadi tarakimu

Kiasi cha kwanza ni kiwango cha kumetameta. Pima mtawanyiko wa nguvu ukiwa umeelekeza kwenye chanzo, kisha upime tena ukiwa umeelekeza kwenye anga tupu iliyo jirani. Toa mraba wa mtawanyiko wa pili katika mraba wa ule wa kwanza, chukua kipeuo cha pili, na ugawanye kwa nguvu ya wastani ya chanzo baada ya kuondoa nguvu ya anga tupu. Wengi husahau kipimo cha anga tupu, wakajikuta wamepima kelele za kipokezi chao.

Unalinganisha na nini? Kanuni ya makadirio inayotumika sana kwa chanzo kidogo kabisa ni 0.06, mara urefu wa wimbi kwa mita, mara umbali wa mahali pa karibu na Jua uliopandishwa kwa kipeo cha hasi 1.6, umbali wa Dunia na Jua ukihesabiwa kuwa 1. Kwa megahezi 150 wimbi ni mita 2. Kwa nyuzi 30 umbali ni 0.5, na 0.5 kwa kipeo hicho hutoa 3.03. Zao lake ni takriban 0.36. Chanzo halisi kina upana kidogo na huwa chini ya hapo, kwa hiyo ni bora kukipima siku nyingi, kuchora mstari wa kawaida yake, na kugawanya kipimo cha leo kwa kawaida hiyo. Jibu likiwa karibu na 1, upepo ni wa siku zote. Likipanda hadi 1.5 au 2, kuna kitu kizito njiani: ama wingu la plasma lililorushwa kutoka koronani, ama mahali ambapo upepo wa kasi umeusukuma wa polepole na kuulundika.

Kasi hupatikana kwa njia mbili, na nashauri zote mbili zifanywe. Ya vituo viwili ni nyepesi kueleza. Tuseme sehemu ya umbali kati ya vituo iliyo katika mwelekeo wa kutoka Juani ni kilomita 540, na kilele cha kufanana kiko kwenye sekunde 1.2: kasi ni kilomita 450 kwa sekunde. Saa ikikosea sekunde 0.1, jibu linaweza kuwa 415 au 491, na sasa unaona kwa nini nilisisitiza GPS. Mimi niliwahi kusherehekea kasi ya 800 kwa siku mbili nzima, kumbe nilitumia umbali wote wa vituo badala ya sehemu yake ya mwelekeo wa Jua, na Dunia ilikuwa imezunguka tangu kipimo kilipoanza. Sehemu hiyo hubadilika kila dakika. Ihesabu upya kwa kila kipande cha data.

Ya kituo kimoja hutumia spektra ya nguvu, yaani mchoro wa jinsi kuyumba kulivyogawanyika kati ya kwa polepole na kwa haraka (masafa ya kuyumba kwenyewe, si ya redio). Kata data katika vipande vya dakika 10 hivi, geuza kila kimoja kwa mbinu ya Fourier, na chora matokeo kwa mizani ya logi. Utaona uwanda bapa katika masafa ya chini, kisha goti, kisha mteremko hadi kwenye sakafu ya kelele. Mahali pa goti ni kasi iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha zao la pai, urefu wa wimbi na umbali wa upepo kutoka kwetu. Kwa mfano wetu wa mita 2 na kilomita milioni 130, kipeuo hicho ni kilomita 904. Goti likiwa kwenye hezi 0.5, kasi ni 452. Njia mbili zikikubaliana hivi, endelea. Zikitofautiana sana, rudi kwenye sehemu iliyotangulia kabla ya kuanza kubuni nadharia.

Kumbuka pia kwamba unachopima ni kasi iliyokatiza mstari wa kuona, ikichanganywa na michango ya sehemu nyingine za mstari ambako upepo unaelekea kwetu au unatukimbia. Mchanganyiko huo hupunguza jibu kidogo. Vituo vilivyo mbali sana, kama vya LOFAR, vinaweza hata kutoa vilele viwili, kimoja cha upepo wa kasi na kimoja cha upepo wa polepole, vyote katika mstari mmoja wa kuona.

Kuhakiki kwa vyombo vya angani

Kwa uhakiki achana na 3C 48, ambayo upepo wake unaelekea kaskazini na hautatufikia. Tumia 3C 273 mwishoni mwa Agosti, wakati iko nyuzi 30 mashariki ya Jua. Upepo unaoupima uko nyuzi 60 pembeni mwa mstari wa Dunia na Jua, katika upande ambao mzunguko wa Jua unauleta kwetu. Kwa mtazamo wa Dunia, Jua huzunguka nyuzi 13 hivi kwa siku, kwa hiyo nyuzi 60 huchukua siku 4 na nusu. Ongeza siku 2 hivi ambazo upepo wa kilomita 450 kwa sekunde unahitaji kumaliza nusu ya pili ya safari. Fungua data za wazi za vyombo vya Wind au ACE, vilivyo kilomita milioni 1.5 mbele ya Dunia, siku ya sita na ya saba baada ya kipimo chako, na uweke kasi yao kando ya yako katika jedwali moja. Ikiwa kilichopita kilikuwa wingu la koronani badala ya mkondo wa kudumu, kusubiri mzunguko hakuna maana, na siku hizo zitiwe alama ili zisichanganywe na nyingine.